Mlango Mpya, Buluu Ileile: Mwongozo Kamili wa Kulinganisha Rangi Unapopuliza Paneli za Subaru WRX STI

Buluu ya Subaru haifichi makosa. Mlango uliopulizwa ovyo kwenye gari jeupe la kawaida unaweza kumaliza mwaka bila mtu kuuona, lakini kwenye Impreza WRX STI ya buluu utauona ukiwa ng'ambo ya barabara: mlango unaelekea zambarau, fenda inaelekea kijani, na jua la saa nne asubuhi linatangaza yote mawili. Nimelichagua gari hili kwa sababu vijana wa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam hulitambua kwa mlio kabla hawajaliona, na kwa sababu buluu yake ina historia kwetu. Colin McRae alishinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Subaru ya buluu, na Richard Burns akarudia mwaka 2000. Ila hatua nitakazoeleza zinafaa vilevile kwa Nissan Skyline GT-R ya buluu yenye namba ya rangi TV2, au Mazda nyekundu ya namba 46V, ambayo ni ngumu zaidi.

Jambo kubwa ninalotaka lishikwe ni hili: namba ya rangi ni mwanzo wa kazi tu. Kinachofanya paneli mpya isionekane ni kadi ya majaribio iliyopulizwa kwa bunduki ya rangi ileile na mkono uleule, kisha rangi ikafifishwa taratibu hadi kwenye paneli za jirani. Fundi anayekuambia atapuliza mlango peke yake, uishie kwenye ukingo wake, na rangi ya metaliki (yenye chembe zinazometa) ilingane kabisa, anakuahidi kitu ambacho hata kiwanda kisingethubutu kuahidi.

Anza kwa kujua unapuliza juu ya nini

Tafuta kwanza namba ya rangi. Kwenye Impreza nyingi za Kijapani za miaka ya 2000 kibati chake kipo ndani ya chumba cha injini. Subaru mpya zaidi zina stika kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Toyota huandika namba hiyo kwenye mstari wa C/TR, na sehemu ya kabla ya mkwaju ndiyo rangi ya nje. Inayofuata ni ya viti na vitambaa vya ndani. Wapo waliokwenda dukani na namba ya viti, wakarudi na rangi isiyohusiana na gari lao.

Buluu za Subaru zinazofanana kwa jina hazifanani kwa mchanganyiko. Impreza za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na Sonic Blue Mica, namba 74F. Kizazi kilichofuata kikaja na WR Blue Mica, 02C. Kuanzia toleo la 2015 tunaona WR Blue Pearl, K7X. Ukimwambia muuza rangi "buluu ya Subaru" bila namba, umemwachia akisie.

Baada ya namba, lichunguze gari lenyewe. Magari mengi ya spoti yaliyoko Afrika Mashariki yaliingia yakiwa yametumika Japani, na mengine yalikwisha kupulizwa huko kabla ya kupanda meli. Kama una karatasi ya mnada wa Japani gari lilikouzwa, isome: herufi W ikifuatiwa na namba huonyesha paneli iliyonyooshwa na kupakwa, XX ni paneli iliyobadilishwa, na P ni alama au kasoro ya rangi. Kama huna karatasi, tumia kipimo cha unene wa rangi. Rangi ya kiwandani kwa kawaida huwa karibu na maikroni 100 hadi 150. Ukikuta 300 kwenye fenda, ujue imepitiwa, na penye maelfu pana puti. Kwa STI za kizazi cha 02C kumbuka kwamba boneti ni ya aluminiamu, hivyo kipimo cha sumaku kinachosoma chuma tu hakitakupa jibu pale.

Kwa nini kujisumbua hivi? Kwa sababu hutalinganisha mlango mpya na kitabu cha Subaru. Utaulinganisha na fenda iliyo mbele yake na mlango wa nyuma yake, kama vilivyo leo, pamoja na jua lote vilivyokula. Kama fenda ilipulizwa zamani na fundi mwingine, rangi yake ndiyo unayoikimbiza, hata kama ilikosewa.

Safisha kabla ya kulinganisha chochote

Osha gari, kisha toa vumbi la chuma na utomvu kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi. Halafu chukua sehemu ya upana wa viganja viwili kwenye kila paneli ya jirani, uisugue kwa rabingi kompaundi (dawa nzito ya kung'arishia) mpaka ing'ae kama mpya. Klia, yaani tabaka la juu lisilo na rangi, ikichubuliwa na jua huweka ukungu mweupe, na buluu iliyo chini yake huonekana imepauka kuliko ilivyo. Ukilinganisha na ukungu huo utachanganya rangi iliyopauka, kisha mwenye gari akienda kupiga polishi mwezi unaofuata, mlango wako utabaki nyuma.

Lilinganishe eneo lililo karibu kabisa na kazi. Paa na boneti hupauka kuliko milango, na chini ya mpira wa mlango utakuta buluu ambayo haijawahi kuona jua. Hiyo iliyojificha inasaidia kukujulisha rangi ilizaliwaje, lakini usiitumie kama kipimo.

Dukani: omba vibadala vyote

Namba moja ya rangi huwa na fomula ya msingi na vibadala kadhaa, kwa sababu rangi ya kiwandani yenyewe hutofautiana kidogo kati ya mtambo na mtambo, mwaka na mwaka. Kibadala kimoja kinaelekea wekundu zaidi, kingine kijani, kingine kina chembe kubwa. Duka zuri lina vibao vya sampuli vya namba hiyo vilivyofungwa pamoja. Viombe uende navyo nje kwenye gari. Kama duka lina mashine ya kusoma rangi, hakikisha inasoma kwa pembe zaidi ya moja, maana mashine ya pembe moja haiwezi kuelewa metaliki. Na hata ile nzuri, ichukulie kama mshauri anayekuchagulia kibadala cha karibu. Uamuzi ubaki kwenye kadi.

Rangi ichanganywe kwa mizani inayosoma sehemu ya kumi ya gramu. Kwa mchanganyiko mdogo, tone moja la kijani linatosha kuihamisha buluu. Agiza kiasi cha kazi nzima kwa mara moja, pamoja na ya kadi na ya kufifisha. Rangi ikiisha katikati ya mlango na ukarudi kuchanganya nyingine, umeanza kazi mpya.

Kadi ya majaribio

Hapa ndipo muda wako uende. Nunua kadi zenye mistari myeupe na myeusi, au tumia vibati vyepesi vilivyopakwa praima (rangi ya kwanza ya chini) ileile utakayotumia kwenye mlango. Praima ina sauti yake: buluu nyingi zenye maika (chembe za madini zinazometa) hazifuniki haraka, na praima nyeupe ikibaki chini itaing'arisha rangi, wakati ya kijivu cha kukolea itaizamisha. Chagua kijivu kinachokaribiana na ukolezi wa rangi yako, kisha usikibadilishe tena.

Puliza kadi kama utakavyopuliza mlango. Kadi isimame wima, kwa sababu mlango husimama wima. Bunduki iwe ileile, kwa besi (tabaka la rangi lililo chini ya klia) wengi hutumia pua ya milimita 1.3, na upepo, thina na umbali viwe vilevile. Hesabu idadi ya mikono, yaani matabaka unayopuliza, mpaka mistari myeusi na myeupe ipotee kabisa, uandike namba hiyo nyuma ya kadi. Besi ikikauka na kuwa bila mng'ao, funika nusu ya kadi kwa tepu na upige klia nusu ya pili. Utashangaa jinsi nusu hizo mbili zinavyotofautiana: ile yenye klia hukolea na kupata kina. Ndiyo sababu kulinganisha kopo lililo wazi na mlango, au besi isiyo na klia na fenda, ni kujidanganya.

Klia ikishakauka, peleka kadi kwenye gari. Ibane kwenye fenda, ifuate mkunjo wa bati bila kuacha nafasi, maana kadi iliyoinama kidogo inapokea mwanga mwingine. Wengine hutoboa tundu katikati ya kadi ili fenda ionekane kupitia tundu, na ni mbinu nzuri sana: jicho linaona rangi mbili bila ukingo mweupe wa kuzitenganisha. Itazame moja kwa moja, kisha sogea pembeni mpaka unaitazama kwa ubavu karibu na kulala kwenye bati. Metaliki ina sura mbili, na rangi inaweza kukubali usoni ikakataa ubavuni. Ikikubali zote mbili, umefika.

Fanya hivyo kivulini asubuhi, halafu juani, halafu usiku chini ya taa za kituo cha mafuta. Kuna rangi mbili zinazofanana mchana na kuachana usiku kwa sababu zimejengwa kwa rangi za msingi tofauti. Usilinganishe jua linapozama, na usilinganishe chini ya turubai la buluu la gereji au kando ya ukuta mwekundu. Rangi ya turubai hushuka juu ya bati, na utaisahihisha rangi ambayo haikuwa na kosa.

Mteja akisimama karibu na kuuliza, "Fundi, si namba ni ileile 02C? Kadi za nini tena?", mwonyeshe kadi ikiwa imebanwa kwenye gari lake. "Namba ni ileile, bosi, lakini tazama fenda yako hapa, halafu tazama kadi." Nimeona mazungumzo hayo yakimaliza ubishi wa bei kwa dakika moja.

Kadi ikikataa

Kabla ya kuongeza tone lolote kwenye kopo, badilisha mkono, yaani namna unavyopuliza. Chembe za metaliki zinaposhikwa na rangi inayokauka haraka hulala bapa karibu na uso na kurudisha mwanga mwingi, kwa hiyo rangi huwa nyepesi. Rangi ikipigwa ikiwa na majimaji mengi, chembe huzama na kujipanga ovyo, na rangi hukolea. Kwa hiyo kadi ikiwa nyepesi kuliko gari, punguza upepo kidogo, karibia kidogo, au tumia thina ya kukauka polepole. Ikiwa nzito, fanya kinyume chake. Joto nalo lina mkono wake: mchana wa Mombasa au Dar es Salaam rangi hukauka njiani kabla ya kutua sawasawa, na fomula iliyokubali Nairobi asubuhi yenye baridi inatoka nyepesi huko pwani. Thina ya polepole ndiyo dawa ya pwani.

Mkono ukishindwa, ndipo urekebishe mchanganyiko. Jiulize kwa mpangilio huu: je, ni nyepesi au nzito? Inaelekea wekundu au kijani? Ni safi au imechafuka? Rekebisha jambo moja tu kila mara, kwa rangi za msingi zilizomo kwenye fomula hiyohiyo, pima kwa mizani, andika, puliza kadi nyingine. Tenga kiasi kidogo cha majaribio ili kopo kubwa libaki salama. Na tafadhali usiikimbilie nyeupe ili kupunguza ukali wa buluu. Nyeupe kwenye metaliki hufunika chembe, uso unakuwa kijivu na ubavu unapauka kama maziwa, na huwezi kuitoa tena.

Rangi za tabaka tatu, kama nyekundu ya Mazda 46V au nyeupe za lulu, zinahitaji kadi ya ngazi. Paka besi ya chini kadi nzima, halafu tabaka la kati mkono mmoja juu ya robo ya kwanza, miwili juu ya robo ya pili, mitatu, minne, kisha klia juu ya zote. Robo inayokubali ndiyo inayokuambia idadi ya mikono.

Kuandaa mlango na jirani zake

Tuseme mlango wa mbele wa kushoto umebadilishwa. Utapuliza mlango mzima, na utaandaa fenda ya mbele na mlango wa nyuma kwa ajili ya kufifisha. Vua vishikio, kioo cha pembeni, mipira inayovulika na nembo. Kuziba kishikio kwa tepu huacha mstari ambao utabanduka ndani ya mwaka.

Mlango mpya: praima, msasa namba 600 hadi 800 wa maji. Jirani: usifike kwenye bati, chubua klia tu kwa msasa 1000 au pedi ya kijivu ya kusugulia, pamoja na kingo zote. Kama kazi inahusu boneti ya aluminiamu, tumia praima ya epoksi penye aluminiamu tupu, na msasa mpya ambao haujagusa chuma.

Bampa lina mambo yake. Ni plastiki, hupakwa tofauti na bodi, na hata gari jipya kutoka kiwandani wakati mwingine lina bampa lisilolingana vizuri na fenda. Lipulize kwa kopo lilelile la mlango, juu ya praima ya plastiki, na lipulize likiwa limesimama kama linavyokaa kwenye gari. Chembe za metaliki hutua tofauti kwenye kitu kilicholazwa.

Kupuliza na kufifisha

Kabla hujafungua hadina (dawa ya kugandisha klia), vaa vifaa vya kupumulia. Hadina ya klia ina isosaineti, ambayo huleta pumu ya kazini, na ikishakuingia, hata harufu ndogo baadaye inaweza kukubana kifua. Barakoa ya kitambaa haizuii chochote. Kinachofaa ni kifaa kinacholetewa hewa safi kwa mpira. Na watoto wasikae karibu na banda hata kidogo. Gereji nyingi za uani hazijali hili, na linaniuma, kwa sababu wanaoumia ni mafundi wazuri wenye umri mdogo.

Futa kwa dawa ya kuondoa mafuta, kisha kwa kitambaa cha kunasa vumbi. Kwenye jirani, piga mkono mwepesi wa besi isiyo na rangi, ile inayouzwa kwa ajili ya kufifishia, ili uso uwe na unyevunyevu na chembe zipate pa kulala. Mkono wa kwanza wa buluu uishie kwenye mlango. Mkono wa pili uvuke kidogo kuingia fenda na mlango wa nyuma. Wa tatu uende mbali zaidi, na kila unapofika mwisho kunja kiwiko kwa upinde huku ukiachia kifyatulio, ili rangi iishe kama moshi bila kuacha mstari. Umbali wa sentimita 15 hadi 20, na kila mpito ufunike nusu au zaidi ya uliotangulia. Subiri mng'ao upotee kabla ya mkono unaofuata.

Idadi ya mikono kwenye mlango ifuate ile uliyoandika nyuma ya kadi. Mwisho piga mkono wa vumbi, umbali wa sentimita 25 hadi 30, mwepesi sana, kusawazisha chembe na kufuta mawingu. Simama pembeni, tazama kwa ubavu. Ukiona mawingu sasa, bado unaweza kuyasahihisha. Yakishapata klia ni kuanza upya.

Klia ipigwe mlango wote, fenda yote na mlango wa nyuma wote, mikono miwili, kwa uwiano ulioandikwa kwenye kopo. Usikubali kuikatisha klia katikati ya paneli na kuyeyusha ukingo kwa thina, hata kama pale kwenye nguzo ya nyuma inapokutana na paa kishawishi ni kikubwa. Jua letu huubandua ukingo huo.

Kumalizia

Klia ikikauka vizuri, linganisha pia umbile la uso. Rangi ya kiwandani huwa na mawimbi madogo kama ganda la chungwa. Mlango uliosawazishwa kama kioo kando ya fenda yenye ganda la chungwa utaonekana una rangi nyingine, hata kama buluu ni ileile. Sugua vumbi lililonasa kwa msasa 2000 kisha 3000, piga polishi, na uache ulingano wa umbile ukuongoze ni kiasi gani usawazishe. Nta isubiri muda ulioandikwa na mtengenezaji wa klia.

Kwa mwenye gari: unapoomba bei, uliza waziwazi kama kufifisha kwenye paneli za jirani kumo ndani ya hesabu, na kuandikwe kwenye risiti. Bei ya mlango peke yake itakuwa ndogo, na ndiyo itakayokurudisha gereji. Kazi ikikamilika omba kadi iliyokubali, yenye fomula, jina la kibadala, idadi ya mikono na tarehe nyuma yake, pamoja na besi iliyobaki ambayo haijatiwa hadina wala thina, ikiwa kwenye chupa iliyozibwa na kuwekwa penye kivuli.